Kurekodi nyimbo na maisha ya mzee mwimbaji wa Batwa: mwongozo wa kazi kwa watu wa Bukavu na vijiji vya Kahuzi-Biega

Mtoto wa Batwa, watu wa asili wa msitu wa Kivu, mashariki mwa Kongo, aliyekuwa na miaka kumi wakati hifadhi ya Kahuzi-Biega ilipoanzishwa, Novemba 1970, leo amevuka miaka sitini na mitano. Waliomzidi umri ni wachache na wanapungua. Hao ndio waliokulia msituni wenyewe, kabla ya familia kuondolewa, na kabla mipaka ya hifadhi haijapanuliwa mwaka 1975 hadi kufika kilometa za mraba 6,000. Nyimbo zao za kuwinda na za kutafuta asali zilijifunzwa porini. Wajukuu wao wanazisikia kijijini, kando ya barabara, pikipiki zikipita.

Mwongozo huu ni wa mwalimu, kijana wa kijiji, mtu wa redio au wa chama kidogo anayetaka kurekodi mzee wa namna hiyo, mwanaume au mwanamke. Mara nyingi mwimbaji ndiye pia anayetumwa kuwasemea wenzake mbele ya chefu, mbele ya wakuu wa hifadhi na kwenye mikutano ya mjini, kwa kuwa anajua kupanga maneno na kuyakumbuka. Usizitenge kazi hizo mbili. Ukirekodi nyimbo peke yake, utakuwa na muziki usiojulikana ulimlilia nani. Ukirekodi malalamiko peke yake, utapata hotuba kama za semina nyingine zote.

Safari ya kwanza, acha vifaa nyumbani

Nenda mikono mitupu mara moja au mbili kabla ya kurekodi chochote. Mtu akifika na simu imewashwa siku ya kwanza, mzee anaimba zile nyimbo ambazo wageni wa mashirika wamezoea kuziomba, fupi na za furaha, halafu anangoja zawadi. Nyimbo zenyewe zinabaki tumboni.

Msalimie mzee kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote, umwite Papa au Mama, umwambie umetoka kwa nani na nani alikuelekeza. Kisha muulize yeye mwenyewe ni nani wengine wanaopaswa kujua: kapita au chefu wa lokalite, mkubwa wa ukoo, akina mama wanaoitikia. Ukianzia kwa chefu, na chefu si Mutwa, mzee atakubali kwa kuogopa, na ndiyo ya namna hiyo haifai. Muulize pia watu wake wanapenda waitweje kwenye maandishi: Batwa, Bambuti, au kwa jina la ukoo na la kilima. Andika hivyo hivyo.

Malipo yazungumzwe siku hiyo, yasingoje mwisho. Mzee anayelima kwa vibarua anapoteza siku nzima, na waitikiaji wake pia. Kubalianeni kiasi kwa kila mtu na mlipe kila mtu mkononi. Pesa yote ikipewa mmoja ili agawe, ugomvi utabaki nyuma yako ukisharudi Bukavu. Lipa hata kama mvua imeharibu rekodi. Kwenye karatasi ya kupokea andika wazi "malipo ya siku ya kazi, wimbo haujauzwa", kwa sababu miaka kumi baadaye mtu anaweza kuitoa karatasi hiyo na kudai kwamba wimbo ulinunuliwa. Kasiksi, pombe ya ndizi, ije baada ya kazi. Sauti ya aliyekunywa inashuka na mapigo yanayumba, na ruhusa aliyoitoa akiwa amelewa haina uzito.

Ruhusa

Sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022, inayolinda na kukuza haki za watu wa asili Pygmées nchini Kongo, inadai ridhaa iliyo huru, inayotolewa mapema na kwa kuelewa. Tangazo la Umoja wa Mataifa la 2007, ibara ya 31, linasema wazi kwamba watu wa asili wana haki ya kushika na kulinda urithi wao wa utamaduni. Unapokaa na mzee chini ya mgomba, maneno hayo yanakuwa maswali matatu, na lazima yaulizwe moja moja: naweza kurekodi? naweza kuhifadhi? naweza kutoa nje? Mtu anaweza kukubali la kwanza na kukataa la tatu. Kosa linaloonekana sana ni kuyafunga yote matatu kwenye karatasi moja ya Kifaransa yenye alama ya kidole gumba chini.

Sema kwa mdomo, kwa lugha anayoielewa vizuri, iwe Mashi, Kitembo, Kihavu au Kiswahili, huku kinasa sauti kikiwa kimewashwa. Maneno yawe kama haya:

"Papa, leo tarehe fulani, tuko hapa kwako. Tunaomba kurekodi sauti yako. Rekodi itakaa mahali patatu: kadi moja yako, moja yetu, moja kwa mtu utakayemchagua. Hatutaipeleka redioni wala kwenye intaneti mpaka turudi kukuuliza, wimbo kwa wimbo. Ukitaka tufute kitu, leo au mwaka kesho, tutafuta. Sasa tuelezee wewe, kwa maneno yako, tumekubaliana nini."

Sentensi ya mwisho ndiyo inayobeba kazi yote. Mtu akijibu "ndiyo" tu, hujui amesikia nini. Akieleza mwenyewe, utagundua kwamba alidhani unamwandikisha kupewa mabati, au kwamba wewe ni mtu wa hifadhi, na hapo ndipo utarekebisha. Shahidi achaguliwe na mzee.

Kisha uliza kuhusu nyimbo zenyewe: "Kuna wimbo ambao mtu fulani hapaswi kuusikia?" Nyimbo za jando, za matambiko ya kabla ya kuwinda, za msiba, na mahali pengine za mapacha, zinaweza kuwa na masharti: zisisikiwe na wanawake, au na wanaume, au na watoto, au zisiimbwe nje ya siku yake. Akisema huo hauimbwi, usirudi kwa mlango mwingine ukimwomba mtoto wake. Andika daftarini kwamba upo na haurekodiwi. Hiyo nayo ni habari kamili.

Vifaa na namna ya kuvipanga

Kinasa sauti kidogo cha mkononi chenye mikrofoni mbili, kama Zoom au Tascam za bei ya chini, kinatosha kabisa. Kipange WAV (faili ya sauti isiyobanwa), hezi 48,000, biti 24, stereo. Saa moja inakula takriban gigabaiti 1, kwa hiyo kadi ya gigabaiti 32 inabeba karibu saa thelathini. Usirekodi kwa MP3 ili kuokoa nafasi: kilichokatwa hakirudi, na kadi ni rahisi kuliko pikipiki ya kurudi Kalehe.

Kama una simu tu, tumia simu, lakini weka programu ya kurekodi inayotoa WAV na inayokubali kuzima usafishaji wa kelele. Simu nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya maongezi. Zinachukulia mlio mrefu usiobadilika kuwa kelele na kuukata, kwa hiyo likembe, kile kisanduku chenye ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba, inapoteza mtetemo wake na waitikiaji wa nyuma wanapotea kabisa. Funga mtandao kabla ya kuanza, maana simu ikiita katikati ya wimbo wimbo huo umekwisha. Usitume rekodi kwa WhatsApp kama ujumbe wa sauti, kwani inabanwa mpaka haifai tena kuhifadhiwa. Ikibidi, itume kama dokumenti.

Zima upandishaji wa sauti unaojiendesha. Ukiuacha, mzee anaponyamaza kifaa kinapandisha kelele ya panzi na upepo, na waitikiaji wanapoingia kinashuka kwa ghafla, wimbo unakuwa unapumua ovyo. Pima kwa sehemu yenye nguvu: waombe waimbe kiitikio na kupiga makofi, kisha shusha mpaka vilele vifike karibu desibeli -12. Waimbaji wakipashwa moto watapanda zaidi ya walivyopima, na ile nafasi ndiyo itakayokuokoa. Sauti iliyopasuka haitengenezeki.

Chukua betri mpya seti mbili zaidi ya iliyo ndani, vaa visikilizio muda wote, na weka kinga ya sponji au ya manyoya juu ya mikrofoni. Rekodi kwa betri, usirekodi kifaa kikiwa kwenye chaja: chaja mbovu inaleta mngurumo ambao utausikia ukisharudi nyumbani. Vijiji vya upande wa Tshivanga viko juu ya mita 2,000, asubuhi ni baridi. Ukikitoa kifaa nje na kukiingiza kwenye nyumba yenye moto kinatoka jasho. Kiache ndani ya mfuko wake nusu saa kwanza.

Mahali, saa na umbali

Nyumba ya mabati ni adui. Tone moja la mvua linasikika, na kuta za mbao zinarudisha sauti kwa ukali. Afadhali nje, kwenye nyasi, karibu na migomba inayokata upepo, au kwenye nyumba ya nyasi. Ukilazimika kuwa ndani, ning'iniza mablanketi kwenye kuta mbili zinazotazamana na keti mbali na pembe. Kuanzia Septemba hadi Mei mvua hupenda kuja mchana, basi maliza nyimbo kabla ya saa sita. Juni hadi Agosti hakuna mvua lakini kuna vumbi na upepo. Kwenye vijiji vilivyo kando ya barabara ya Bukavu kwenda Goma, saa nzuri ni kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili, kabla ya malori.

Mwimbaji mmoja: mikrofoni iwe mbele ya kifua, sentimeta 40 hadi 50, imeinuliwa kuelekea kidevu. Ikiwa mbele ya mdomo kabisa, pumzi inaipiga. Nanga, ile lulanga ya Bashi, inataka nusu mita, kinasa kikitazama katikati ya nyuzi, na cha pili kama kipo kwa sauti. Usiweke kinasa juu ya ubao wala meza ileile anayoigusa mpigaji, kwa sababu kila anapokanyaga mguu utasikia kishindo. Kitundike juu ya fimbo iliyochomekwa ardhini, au kiweke juu ya sweta iliyokunjwa.

Likembe inataka uangalifu wake. Sentimeta 20 hadi 30, juu kidogo ya vidole gumba, kinasa kikiinamishwa pembeni. Kikielekezwa moja kwa moja kwenye vile vipete vya chuma vinavyotetema, mtetemo unafunika noti. Lakini usimwombe mzee avitoe ili sauti "iwe safi": mtetemo ni sehemu ya muziki wenyewe, na likembe bila huo ni chombo kingine. Angalia pia tundu la kisanduku. Wapigaji wengi wanalifunga na kulifungua kwa kidole ili sauti iyumbe, kwa hiyo likembe ishikwe mkononi, isilazwe juu ya paja au meza.

Kabla ya nyimbo, rekodi kila ulimi wa likembe peke yake, mara tatu, kuanzia kushoto kwenda kulia, ukitaja "wa kwanza, wa pili". Piga picha chombo kikiwa kando ya rula. Muulize mzee kila ulimi unaitwaje. Wengine wanazipa ndimi majina ya ukoo, mama na watoto, na majina hayo yanaonyesha jinsi anavyofikiri muziki wake. Rudia kipimo hicho mwisho wa siku, kwani ndimi zinasogea chini ya daraja zikipigwa muda mrefu, na nta iliyobandikwa chini ya ulimi ili kuushusha inalegea kwenye joto. Bila vipimo viwili, mtu atakayetaka kutengeneza likembe kama hiyo baadaye hatajua aufuate mlio upi.

Kundi la waitikiaji

Hapa ndipo rekodi nyingi za Batwa zinapoharibika, na ndipo penye utajiri. Sauti nne au tano zinaingiliana, kila moja na mzunguko wake, nyingine zikiruka kutoka kifuani kwenda juu bila maneno. Mtu mmoja akiwa karibu na mikrofoni, anasikika yeye na kivuli cha wengine.

Wapange nusu duara, mita 2 hadi 3 kutoka kwenye kinasa, kila mtu umbali sawa. Ngoma ikae nyuma, mita 4 au zaidi. Wapiga makofi wasiwe mbele. Rekodi sekunde 30 za hapo mahali bila mtu kuimba, kisha sema tarehe, kijiji kwa jina mtakalokubaliana, na wimbo. Waache waimbe mpaka wamalize wenyewe, hata dakika kumi na tano. Ukiwakatiza kwa mkono kama mtu wa studio, watajifunza kukupa vipande.

Baada ya wimbo mzima, rudi kwenye sauti moja moja. Mtafiti Simha Arom, aliyefanya kazi Jamhuri ya Afrika ya Kati, alitengeneza njia ya kumpa mwimbaji visikilizio asikie wenzake waliokwisha kurekodiwa, halafu yeye aimbe sehemu yake peke yake kwenye mashine ya pili. Kwa simu mbili mnaweza. Simu ya kwanza inacheza wimbo mzima kwenye visikilizio vya Mama fulani, kinasa kinachukua sauti yake tu. Anza na yule anayeshika msingi, ambaye wengine wanamfuata. Watakuonyesha wao wenyewe ni nani. Rekodi kofi moja kubwa mwanzoni ili sauti zipangwe baadaye. Mtu akishindwa kuimba peke yake, kwa wengi ni jambo geni kabisa, mweke mwenzake aimbe polepole mita 3 pembeni. Usimlazimishe. Hizi sauti moja moja ndizo zitakazomfundisha mjukuu. Wimbo mzima peke yake haumwonyeshi aingilie wapi.

Kuuliza maisha

Anzia kwenye wimbo uliokwisha kuimbwa, mambo ya kuzaliwa yatafuata. "Papa, huu nani alikufundisha? Mlikuwa wapi? Mlikuwa mnafanya nini?" Kutoka hapo jina la mjomba linatoka, jina la kilima, jina la mnyama, na maisha yanajifungua. Ukianza na "ulizaliwa mwaka gani" unapata "sijui" na mzee anajisikia kama yuko ofisini. Kikao kimoja kisizidi saa moja. Akisita, nyamaza nawe. Watu wa mjini huogopa ukimya na kuujaza kwa swali jingine, na hapo jibu la kweli linapotea.

Kwa tarehe, tumia mambo ambayo kila mtu wa Kivu anayakumbuka. Uhuru, 30 Juni 1960. Waasi wa Mulele kushambulia Bukavu, Agosti 1964. Mamluki wa Schramme kuushika mji, Agosti hadi Novemba 1967. Nchi kuitwa Zaire, Oktoba 1971. Noti kubadilishwa kwa ghafla, Desemba 1979. Wakimbizi wa Rwanda, Julai 1994. Vita ya Oktoba 1996, na ya Agosti 1998. Tetemeko la Bukavu, 3 Februari 2008. Usiulize alikuwa na miaka mingapi. Uliza alikuwa anafanya kazi gani: alikuwa anachunga mdogo wake? alikuwa ameanza kufuata wawindaji? alikuwa ameoa, na mtoto wa kwanza alikuwa anatembea? Matukio mawili au matatu yatakupa nafasi ya miaka minne hivi. Andika "alizaliwa kati ya 1955 na 1958" na sababu yake. Tarehe ya 1 Januari iliyo kwenye kadi ya uchaguzi mara nyingi iliwekwa na karani.

Kuhusu kutetea watu wake, shuka kwenye vitu vinavyoshikika. Mkutano gani, wapi, nani walikuwepo, aliomba nini hasa, alijibiwa nini, barua iko wapi. Mwombe atoe karatasi zake. Ziko kwenye mfuko wa plastiki juu ya dari au chini ya godoro. Zipige picha mbele yake, ukurasa kwa ukurasa, na umrudishie palepale. Usiondoke nazo hata kwa siku moja.

Kumbukumbu yake uiweke kando ya maandishi ya wazi bila kuibadilisha. Kwa mfano, Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, katika shauri namba 588/15 kuhusu Batwa wa Kahuzi-Biega, ilitoa uamuzi uliotangazwa 2024 kwamba haki zao zilivunjwa, na ikataka warudishiwe ardhi ya mababu na kulipwa fidia. Mzee akisema "tulishinda kule" bila tarehe, acha maneno yake yalivyo, na wewe ongeza chini tarehe na jina la chombo. Msomaji aone sauti ya mzee na kazi yako, kila moja mahali pake.

Kuna mambo ya kuzima kinasa. Tangu baadhi ya familia zirudi msituni Oktoba 2018, watu wamekufa pande zote, na usalama wa Kivu yote umebadilika tena mwanzoni mwa 2025. Majina ya walinzi wa hifadhi, ya wenye silaha, ya waliorudi msituni, njia wanazopita, picha inayoonyesha kilima nyuma ya nyumba: hayo yote yanaweza kumfuata mzee ukiwa wewe umelala Bukavu. Zima utambuzi wa mahali kwenye kamera ya simu. Tengeneza matoleo mawili, la ndani lenye yote, ambalo familia inashika, na la nje lisilo na majina. Kama njiani kuna vizuizi, usisafiri na rekodi za ushuhuda kwenye simu unayotumia kila siku.

Daftari na maneno

Faili ipewe jina siku ileile, kwa mpangilio mmoja usiobadilika: mwaka, mwezi, siku, kifupi cha mwimbaji mlichokubaliana, namba. Yaani 2025-07-12_PM_03. Kwa kila namba, daftari lionyeshe mambo haya: maneno ya kwanza ya wimbo, nani anaongoza, nani wanaitikia, chombo, wimbo wa wakati gani, aliutoa wapi, na ruhusa yake: ndani tu, kijijini, redio, au kila mahali. Safu ya ruhusa isipojazwa siku hiyo haitajazwa tena.

Kuandika maneno kunakula muda: saa moja ya nyimbo inaweza kuchukua siku mbili. Andika kwanza kwa lugha ya wimbo, ukikaa na mtu wa kijiji hicho, kisha Kiswahili chini ya kila mstari. Silabi zisizo na maana, ee-o, yaye, ziandikwe zote zilivyo. Nazo zina mpangilio. Maneno ya kale ambayo hata vijana hawayajui yaache na alama ya kuuliza mpaka mzee mwenyewe ayaeleze. Usirekebishe sarufi yake.

Wimbo ni wa nani

Mwulize kila mara: "Huu uliutunga wewe, au mliukuta?" Wimbo aliotunga mwenyewe, kwa mfano wa kulalamikia kuondolewa msituni, unalindwa na sheria ya haki za watunzi ya 5 Aprili 1986, maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Anaweza kuuandikisha SOCODA, shirika lililochukua nafasi ya SONECA mwaka 2011. Wimbo waliourithi una wenyewe pia, ukoo au kijiji, na mzee mmoja hawezi kuutoa peke yake hata akitaka. Jina lako lisikae mahali pa mtunzi. Wewe ni mrekodi, na liandikwe hivyo.

Habari ya Afunakwa inafaa kuelezwa kijijini kabla ya mtu kukubali intaneti. Alikuwa mama wa kisiwa cha Malaita, Visiwa vya Solomon, na mtafiti Hugo Zemp alimrekodi akiimba wimbo wa kubembeleza mtoto. Mwaka 1992 kundi la Ufaransa, Deep Forest, liliweka sauti yake juu ya ngoma za kompyuta, likauza duniani kote. Afunakwa hakuulizwa. Na kwa kuwa albamu ilijinadi kwa msitu na sauti za Pygmées wa Afrika, wasikilizaji wengi waliamini wanamsikia mama wa msitu wetu. Kwa hiyo jina, mahali na masharti yatajwe ndani ya rekodi yenyewe, kwa sauti, sekunde za mwanzo. Karatasi inaachana na faili upesi.

Ukiweka kwenye YouTube, usimwahidi mzee pesa. Chaneli ndogo haifikii kiwango cha kulipwa kwa nyimbo za kijiji, na ahadi hiyo ikivunjika utaitwa mwizi, kwa haki. Weka kipande cha dakika moja au mbili, na andika chini ni nani aombwe ruhusa.

Kurudisha

Nakala ya kwanza ni ya mzee, na iwe ya namna anayoweza kuicheza. Zile redio ndogo zenye tundu la kadi na flashi zinasoma MP3, na nyingi zinataka kadi iliyopangwa kwa FAT32, isiyozidi gigabaiti 32. Geuza WAV kuwa MP3 ya kilobiti 192, weka namba mwanzoni mwa majina ili zifuatane, jaribu kwenye redio yake mwenyewe kabla ya kuondoka. WAV zenyewe zikae kwenye diski mbili, nyumba mbili, ikiwezekana miji miwili: mmoja Bukavu, mwingine Goma au Uvira. Kila mwaka fungua faili kadhaa uzisikilize. Diski hufa bila kuaga.

Mara nyingi, kusikiliza pamoja kunaleta nyimbo nyingine. Hapo inafaa kuwa na rekodi za kale pia. Alan Merriam alirekodi Bashi mwaka 1951 na 1952 akiwa na taasisi ya IRSAC iliyokuwa Lwiro; Hugh Tracey alipita Kongo mwaka 1952, na kazi yake iko ILAM, maktaba ya muziki wa Afrika, Makhanda, Afrika Kusini; jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, lina mkusanyiko mkubwa wa sauti za Kongo. Unapoandika kuomba nakala, tumia majina ya zamani kwenye kutafuta: Costermansville badala ya Bukavu, Shi badala ya Bashi, Twa au Pygmées. Eleza kwamba unaomba kwa niaba ya kijiji gani na nani atashika nakala. Wakijibu kwa kutuma orodha tu, isome kwa sauti mbele ya wazee. Jina moja la mwimbaji linatosha mtu kusema huyo alikuwa baba mkubwa.

Mwisho, mkiwa bado mnaongea vizuri, muulize mzee nani atashika rekodi atakapofariki, na kama nyimbo zake zipigwe siku za matanga au zinyamazishwe. Rekodi jibu lake. Siku ikifika, peleka kadi kwa mtu aliyemtaja, ondoa kwenye redio na intaneti vyote ambavyo familia haijaviruhusu, na ngoja wao wakuite.